Kibaba cha Njiani: Chakula cha Miasenyi Tangu Misafara hadi Reli Mpya

Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, minazi inakusindikiza mpaka Mazeras, inaanza kupungua, na ukiipita Mariakani inakuaga. Mbele yako ni miiba, mibuyu, vichuguu na udongo mwekundu unaoganda kwenye nguo. Unapita Samburu, Taru na Mackinnon Road, kisha Miasenyi, kituo kidogo kabla ya Maungu na Voi. Wageni waliiita nchi hii Jangwa la Taru. Wenyeji wanaiita nyika, na hilo linatosha.

Mpishi wa pwani akifika Miasenyi hana nazi ila aliyoibeba. Mpishi wa milima ya Taita akiteremka kutoka Wundanyi ameacha nyuma yake migomba, miwa na mifereji ya maji. Hapa katikati mvua haina ahadi. Mwaka huu inakuja, mwaka ujao inapita mbali na kunyesha baharini. Kwa hiyo tangu zamani chungu cha Miasenyi kimetegemea mambo mawili: kile kinachovumilia ukame, na kile kinacholetwa na wapita njia. Misafara ya pembe ilipita, reli ikapita, jeshi likapita, malori yakapita, na sasa treni yenye kiyoyozi inapita mbio. Kila mmoja aliacha kitu chunguni, na kila mmoja alikuja na kipimo chake cha kumpimia mtu chakula.

Ngurunga na kibaba: kabla ya 1896

Katika karne ya 19 njia ya kutoka Mombasa kwenda Taita, Taveta na Uchagani ilikatiza nyika hii. Wakamba walitangulia kushusha pembe za ndovu mpaka Rabai. Baadaye Waswahili na Waarabu wa Mombasa wakapandisha misafara yao wenyewe. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alipita mwaka 1847 akienda Kasigau, na safari iliyofuata ikamfikisha mahali alipouona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Joseph Thomson, Mskoti, alipita 1883 akielekea Umasaini.

Taabu ya wote hao ilikuwa maji. Taru kulikuwa na ngurunga, mashimo ya mwambani yanayoweka maji ya mvua. Ukiyaacha, huna tena maji mpaka Maungu, na Maungu kwenyewe unayafuata kilimani. Miasenyi ya leo iko ndani ya kipande hicho cha kiu. Msafara haukupiga kambi hapo kwa kupenda. Watu walipika na kushiba kabla ya kuondoka ngurungani, wakajaza vibuyu, wakatembea usiku kucha ili jua liwakute mbele.

Chakula cha mpagazi kilikuwa posho. Neno hilo leo Mganda analitumia kwa ugali, na Mkenya analitumia kwa mashine ya kusagia unga, lakini asili yake ni mgao wa safari: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, na vibaba vinne ndiyo pishi. Wapagazi waligawana makundi, kila kundi na chungu chake, na jioni nafaka ilipimwa mbele ya macho ya wote. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kulikuwa na kibaba cha tele, kilichoachwa na kilima chake. Tofauti ya viwili hivyo ilikuwa konzi moja ya mtama, na kwa mtu aliyetwikwa mzigo tangu alfajiri konzi hiyo ilikuwa hoja nzito. Wakuu wa misafara walijua kwamba wapagazi hutoroka zaidi posho inapopungua kuliko simba wanapounguruma.

Mwisho wa kipande hicho kibaya kulikuwa na tuzo. Vilima vya Sagalla na milima ya Taita ilikuwa ghala. Wataita walilima mtama, kunde, mahindi, muhogo, viazi vitamu, ndizi na miwa, na kwenye miteremko walichimba mifereji ya kuongoza maji mashambani. Mahindi yenyewe yalikuwa mgeni aliyezoeleka. Yalitoka Amerika, yakaletwa Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao, na sisi tukayaita kana kwamba yametoka India. Mbele zaidi kulikuwa na Taveta, ndani ya msitu wa mto Lumi, ambako misafara ilipumzika siku nyingi ikila ndizi na kununua akiba kwa kitambaa cha marikani na shanga.

Chakula ambacho Wataita wanajulikana nacho zaidi, kimanga, kimezaliwa katika ukulima huo wa mchanganyiko. Unachemsha muhogo au ndizi mbichi au viazi vitamu, chochote ulichovuna, pamoja na maharage au kunde zilizokwishaiva, ukipunguza maji polepole. Kisha unaponda kwa mwiko chungu kikiwa bado motoni mpaka vyote vishikane, vigumu kidogo kwa mwiko na laini kwa ulimi. Mpishi asiye na muhogo anaweka ndizi, asiye na ndizi anaweka kiazi, na jina halibadiliki. Nimesikia watu wakibishana kimanga cha kweli ni kipi. Mimi naona ubishi huo ndio unaokieleza: ni chakula cha shamba lenye vitu vingi vidogo, ambapo kimoja kikifa kingine kinashika zamu.

Huku chini nyikani Waduruma walifuga. Maziwa yalikuwa chakula, na mboga ilichumwa porini. Mtsunga, ambao Waswahili wanauita mchunga, ni jani chungu linalojiotea bila kubembelezwa. Linachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, kisha linachanganywa na jani lililopoa ili uchungu upungue bila kuisha. Uchungu ukiisha kabisa, mzee anauliza umepika nini. Nao Waata, wawindaji wa pinde ndefu, walikula nyama ya porini na asali, na nyama na asali hizo waliwabadilishia majirani zao kwa nafaka.

Mfumo huu ulisimama kwa miguu mitatu: shamba la mlimani, ng'ombe wa nyikani, mawindo ya porini. Miguu miwili ya kwanza iligongwa ndani ya miaka ishirini. Katikati ya miaka ya 1880 ilikuja njaa inayokumbukwa kwa jina la Mwakisenge, wakati J. A. Wray wa Church Missionary Society alikuwa hana muda mrefu tangu aanze kazi Sagalla mwaka 1883. Familia nyingi ziliteremka pwani kutafuta chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Na reli ilipokuwa inakaribia, mvua zikakataa tena.

Ata, dengu na samli: 1896 hadi 1901

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Kufikia Machi 1898 ilikuwa mto Tsavo, mahali ambapo simba wawili waliwinda wafanyakazi kwa miezi na kujipatia umaarufu ambao nyika yenyewe haikuwahi kuupata. Lakini kabla ya simba palikuwa na Taru, na kilichowasumbua wajenzi hapo kilikuwa kiu. Maji yalisafirishwa kwa mabehewa kutoka nyuma, na siku treni ya maji ilipochelewa kazi ilisimama.

Wafanyakazi walioletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi, walikuwa 31,983 kwa jumla mpaka ujenzi ulipokwisha. Kati yao 2,493 walikufa, na 6,724 wakabaki. Hesabu hizo hurudiwa kila reli inapotajwa. Hesabu isiyotajwa ni ya sufuria. Maelfu ya watu walipaswa kulishwa kila siku katika nchi isiyo na mavuno ya ziada, na chakula chao hakikuwa kibaba cha mtama. Walikula ata, yaani unga wa ngano usiochujwa pumba, pamoja na dengu, mchele, samli, chumvi na bizari. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, ndiye aliyepewa mkataba wa kuleta wafanyakazi na kuwapatia vyakula, na kutokana na biashara hiyo akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki. Magunia yalivuka bahari kwa meli, yakapanda reli ileile iliyokuwa ikijengwa, yakashushwa mwisho wa chuma.

Hivi ndivyo chapati ilivyoingia bara. Pwani iliijua mikate ya ngano tangu zamani, maana biashara ya Bahari ya Hindi haikuanza na reli, lakini bara iliipokea pamoja na mataruma. Tukitazama vizuri, hata hivyo, tulichokipokea tumekigeuza. Roti ya mfanyakazi wa Kipunjabi ilikuwa ya unga wa ata, ikaokwa kavu juu ya chuma cha moto, nyepesi, ya kuchovea dengu. Chapati ya Mkenya ni ya unga mweupe. Inapakwa mafuta, inasokotwa kama konokono, inasukumwa tena, halafu inakaangwa mpaka ipate madoa ya kahawia na matabaka yanayochanuka. Hiyo ni binamu wa paratha. Sijui kwa nini mkate wa kazi ulikufa na mkate wa sikukuu ukabaki, ila nadhani wenyeji, walioonja chapati kama kitu cha kununua, walichagua ile iliyokuwa na thamani ya pesa yao.

Wakati huohuo, kati ya 1898 na 1900, njaa kubwa ilikuwa ikiteketeza watu. Wakamba wanaiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyofika kila mahali. Ndipo nyika ilipoona jambo geni: mchele wa India ukiteremshwa kutoka kwenye mabehewa na kugawiwa wenye njaa na serikali na wamisionari. Zamani mtu wa Duruma mwenye njaa alipanda Taita au alishuka pwani, akajiweka kwa jamaa au kwa rafiki. Sasa alikwenda penye reli. Reli iliwaokoa wengi, na papo hapo iliwafundisha kutazama mashariki, kwenye magunia, badala ya magharibi, kwenye milima.

Huko milimani mambo yaliendelea kwa njia yake. Mapadre Wafaransa wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Bura mwaka 1892, na mwaka uliofuata wakapanda mibuni ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza Kenya. Kahawa ya Bura haikumshibisha mtu. Ilikuwa mmea wa kwanza katika milima ile kulimwa kwa ajili ya kikombe cha mtu wa mbali.

Treni za mwanzo za abiria hazikuwa na jiko. Zilitoka Mombasa mchana, na jioni zikasimama Voi, ambapo abiria wa daraja la juu walishuka wakiwa wekundu kwa vumbi na kuingia katika nyumba ya kulia chakula iliyoendeshwa kwa desturi za India. Walilalamikia nyama ngumu na mchuzi wa maji katika barua zao, wakala, wakarudi ndani. Abiria wa daraja la tatu walikula walichofungasha, au walichonunua dirishani.

Unga wa vita: 1914 hadi 1918

Kama kuna miaka iliyobadilisha chungu cha nchi hii kuliko mingine, kwa maoni yangu ni hii minne. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Taita ikawa uwanja wa vita. Vikosi vyao vilipenya nyikani usiku, vikatega baruti kwenye reli, na jeshi la Waingereza likajenga tawi la reli kutoka Voi mpaka Maktau mwaka 1915 ili lipate kusogeza maji, risasi na chakula kuelekea Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa, na mwezi uliofuata wakaipata Taveta.

Watu wa Kasigau walilipa mapema. Mwaka 1915, kwa tuhuma kwamba walimsaidia adui, waliondolewa kwa nguvu kutoka kwenye mlima wao na kupelekwa Malindi. Walitoka kwenye hewa ya mlimani, migomba na chemchemi, wakatupwa kwenye joto na homa, bila mbegu wala mashamba yao. Wengi walikufa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1930, na mashamba waliyoyakuta yalikuwa msitu.

Nao vijana wa nchi nzima waliingizwa katika kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo ulimi wa Kiswahili uliligeuza Kariakoo na ambalo mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam inalibeba hadi leo. Rekodi za serikali peke yake zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 wa Kenya waliokufa. Risasi ziliwaua wachache. Wengi waliuawa na tumbo na homa. Mgao wao mkuu ulikuwa unga wa mahindi, na unga huo ulikuwa umesagwa vibaya, ukapikwa haraka kwenye mvua kwa kuni mbichi, ukaliwa na mtu ambaye kwao hula ndizi, wimbi au maziwa. Chenga za mahindi yasiyoiva zilipasua matumbo. Madaktari walipokuja kuelewa na kuamuru mgao uwe wa namna tofauti na upikwe vizuri, vifo vilipungua, lakini makaburi yalikuwa yamekwisha kuchimbwa.

Pamoja na hayo, walionusurika walirudi nyumbani wakijua sima ya mahindi. Mjaluo, Mkikuyu, Mtaita na Mduruma walikuwa wamekula sufuria moja kwa miaka. Kibaba cha msafara, ambacho kingeweza kuwa mtama leo na mchele kesho, sasa kilikuwa na maana moja: unga wa mahindi. Waajiri wa baada ya vita walikuta kazi imefanyika. Unga mmoja, rahisi kununua, rahisi kupima, rahisi kusafirisha. Kampuni ya Unga, iliyoanzishwa na Lord Delamere mwaka 1908, ilikuwa na jina lililojitosheleza.

Posho ya mkonge

Baada ya vita mkonge ulienea katika tambarare za Voi, Mwatate na Taveta. Huko Taveta, Ewart Grogan, mlowezi aliyewahi kutembea kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, alijijengea nyumba juu ya kilima iliyokuja kuitwa kasri. Wakata mkonge walitoka mbali na karibu, wakalipwa mshahara na posho, na posho ilikuwa unga, maharage na chumvi. Mke akilima kishamba nyuma ya kambi, familia ilikula kunde na mchicha. Asipolima, ilikuwa unga na maharage mpaka mkataba uishe.

Kwenye reli mambo yalikuwa ya kifahari zaidi kwa walioyaweza. Treni ya Mombasa na Nairobi ilipata behewa la chakula. Mhudumu alipita na kengele yake ya vibao akigonga kuwaita abiria wa zamu ya kwanza, meza zikiwa na vitambaa vyeupe, supu, samaki, nyama na pudini. Behewa hilo lilipita Miasenyi usiku likiwa limewashwa taa. Aliyekuwa nje penye giza aliona sahani kwa sekunde chache.

Pori linafungwa, maji yanapita: 1948 hadi 1977

Aprili 1948 Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa. Zaidi ya nusu ya eneo ambalo leo ni Kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya hifadhi. Kwa Waata jambo hilo lilikuwa sawa na kumfungia mkulima shamba. Katikati ya miaka ya 1950 serikali iliendesha operesheni kali dhidi ya uwindaji, wawindaji wakafungwa, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima. Mguu wa tatu wa chungu, ule wa porini, ulikatwa kisheria. Ndovu waliobaki hawakusoma sheria hiyo upande wao. Mpaka leo wanatoka usiku, wanaingia kwenye mahindi na pojo, na asubuhi mkulima wa Miasenyi au Sagalla anahesabu nyayo badala ya magunia.

Katika miaka hiyo ya 1950 lilijengwa bomba la kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi, kwenda Mombasa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kwa sehemu kubwa linafuata reli na barabara. Fikiria: nchi iliyoua wapagazi kwa kiu sasa ilikuwa na mto wa chuma ukiikatiza kuelekea baharini, na wanaoishi kando yake wakipata walichopata kwenye vioski, kwa debe, kwa bei. Bei ya maji ndiyo inayoamua kama leo utapika pure, ambayo mahindi na kunde zake zinataka kuchemka nusu siku, au sima inayoiva kwa robo saa. Watu wakisema wakazi wa nyika wameacha vyakula vya asili kwa uvivu, ni vyema kwanza waulize debe la maji ni shilingi ngapi na mzigo wa kuni umetoka umbali gani.

Kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kilitoa katika miaka ya 1960 mbegu ya mahindi inayoiva kwa takriban miezi mitatu, na hiyo iliwapa watu wa sehemu kavu nafasi ya kubahatisha mvua fupi. Wengine wanalaumu kwamba ilisukuma mtama pembeni kabisa. Nadhani mtama ulikuwa umekwisha sukumwa zamani, siku mtoto wa shule alipokaa mchana kutwa shambani akifukuza ndege kwa mara ya mwisho. Masuke ya mtama yako wazi na yanahitaji mlinzi. Hindi limevaa nguo.

Mwaka 1984 mvua zilikauka vibaya. Ukambani waliipa njaa hiyo jina Nikw'a Ngwete, nakufa huku nimeshika, maana pesa zilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo. Serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Vizazi vilivyokula wanakumbuka rangi na harufu yake, na wengine walikataa wakisema ni chakula cha mifugo. Babu zao wangeshangaa. Miaka mia moja kabla, mahindi ya rangi yoyote yalikuwa mboga ya kuchoma tu kando ya mtama.

Chai ya saa kumi alfajiri

Barabara ya lami ilipokamilika, mpita njia mpya alikuwa dereva wa lori. Mizigo ya Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo ilipanda kutoka bandarini usiku na mchana, na Maungu ikawa mji wa kulala magari. Miasenyi na vituo vingine vidogo vilipata mabanda ya chakula ambayo sisi tunayaita hoteli, yawe na meza mbili.

Hoteli ya njiani inaanza saa kumi alfajiri. Mama anawasha jiko la makaa, anaweka sufuria ya chai: maji, maziwa, majani, sukari na tangawizi iliyopondwa, vyote vikichemka pamoja mpaka povu lipande na kurudi mara mbili. Unga wa chapati ameukanda jana usiku kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta, akaufunika. Sasa anakata madonge, anasukuma, anapaka, anasokota, anaacha yapumzike, anasukuma tena. Chuma kikishapata moto hageuzi mapema. Anasubiri vidutu vipande juu, anageuza, anapaka mafuta, anazungusha chapati kwa ncha za vidole ili ukingo upate moto sawa na katikati. Lori linasimama, breki zinapumua.

"Mama, chapo ngapi zimetoka?"

"Keti kwanza, baba. Na huyo tanboi wako ashuke, chai haipandi juu ya lori."

Chapati mbili na maharage, ndiyo chapo madondo, kipimo cha dereva mwenye haraka. Mwenye nafasi anangoja mbuzi. Mbuzi wa nyika, aliyelishwa miti ya porini, anachomwa kwa chumvi tu, anakatiwa ubaoni pamoja na kachumbari na sima. Sukuma wiki imetoka nchi za juu kwa gari, nyanya zimetoka Taveta, mchele umetoka popote. Na kwa aliyeishiwa, mbele kwenye barabara hiyohiyo kuna hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926 na watu wa reli, ambako msafiri wa dini yoyote anapewa dengu, chapati na chai bila malipo. Hapo roti bado ni kavu, kama ilivyokuwa.

Kama chakula kililetwa na barabara, kuna kitu pia kilichoondoka. Magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya lami kati ya Taru na Maungu yalikuwa miti ya nyika, na yalikwenda kuivisha pilau na biriani za Mombasa. Ukame ukiwa mkali makaa ndiyo mavuno ya pekee. Mradi wa kuhifadhi misitu wa Kasigau, uliothibitishwa mwaka 2011 kuuza hewa ya ukaa, ulikuja kwa sehemu kuwapa watu pesa nyingine badala ya tanuri. Umepunguza ukataji katika ranchi zake. Haujauondoa umaskini unaowasha tanuri.

Madirisha yasiyofunguka: tangu 2017

Treni ya zamani ya abiria ilifanya safari zake za mwisho mwaka 2017, na tarehe 31 Mei reli mpya ya kisasa ikazinduliwa. Miasenyi ilipewa stesheni. Madaraka Express ya moja kwa moja inaipita bila kusimama. Ile ya kusimama njiani ndiyo inayoteremsha na kupandisha watu. Safari ya usiku kucha ikawa ya saa tano hivi, na mtu wa saa tano hana haja ya chakula cha jioni. Mabehewa yana viyoyozi, madirisha hayafunguki, na vitafunio vinapitishwa ndani kwa toroli. Mwanamke mwenye karai la mahindi ya kuchemsha na mayai, aliyemjua abiria kwa mkono unaochomoza dirishani, hana tena dirisha.

Malori nayo yalitikiswa. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya bandarini ipande reli, watu wa barabarani, kuanzia Mariakani hadi Voi, walilalama kwamba hoteli, magereji na nyumba za kulala zinakufa. Amri ilisitishwa baadaye mwaka huohuo, ila wengi walikuwa wamekwisha zima jiko. Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na magunia ya msaada yakarudi, safari hii kwa gari.

Mvua ziliporudi, watu walipanda pojo. Pojo haitaki mengi. Inaiva kwa miezi miwili na kitu, na bei yake inapita ya mahindi. Siku ya soko zinauzwa kando ya barabara kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili ambao zamani ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Muuzaji anachota, anajaza, kisha anaukinga mkebe kwa kiganja cha kushoto na kurundika juu kilima cha mbegu za kijani mpaka chache zinateleza kwenye gunia. Mnunuzi ameshika mfuko wazi, anaangalia mkono.

"Usifute, dada," anasema. "Ongeza kidogo hapo ukingoni."